Usizipeleke nyavu za Ghuba ya Speke kwenye kina cha Ukara mwezi Februari

Ndugu yangu, usilipie hizo nyavu kwanza. Umeandika kwamba shemeji yako anapata sangara wa kutosha katika Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria, kwa nyavu za kuzamisha, zile zinazotegwa chini kabisa, nawe unataka kununua za aina hiyohiyo uzitege Februari kwenye maji marefu kaskazini mwa kisiwa cha Ukara. Kisha ukauliza kuhusu injini, leseni na taa za dagaa. Nimesoma nikaumia, kwa sababu mpango huohuo ndio ulionimalizia mtaji.

Aliyeniuzia nyavu alinihakikishia kwamba ziwa ni moja na sangara ni yuleyule, hivyo niongeze mawe tu zishuke hadi chini. Alijua kwamba ninanunua kwa fedha za mkopo, na hajawahi kukesha majini hata usiku mmoja, lakini alizungumza kama mtu aliyezaliwa ndani ya mtumbwi. Tulipovuta alfajiri, kamba ya chini ilipanda na tope jeusi, laini, lenye harufu ya yai viza, na macho ya wavu yalikuwa matupu kuanzia boya la kwanza hadi la mwisho. Nilipomrudia, akasema nisogee mbele zaidi, eti sangara wakubwa wako kwenye kina kirefu. Nikasogea, huku petroli na posho za vibarua zikiendelea kulimbikiza deni.

Ziwa Victoria lina wastani wa kina cha mita 40, na sehemu zake ndefu kabisa hufika takriban mita 80. Katika miezi ya joto na mvua, Februari ikiwemo, maji ya juu yaliyopata joto hukaa juu ya yale baridi bila kuchanganyika nayo, na huko chini uozo humaliza oksijeni. Sangara havumilii maji yenye oksijeni haba, hivyo hupanda juu au husogea kwenye maji mafupi; hatabana pumzi kule chini akikusubiri wewe na nyavu zako mpya. Ghubani kina ni kifupi na upepo huyavuruga maji kwa urahisi, ndiyo maana wavu wa shemeji yako hupata samaki ukiwa chini. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa kusi unapolichanganya ziwa, hata kwenye kina kirefu mambo hubadilika.

Dagaa ni habari nyingine, kwani huvuliwa juu kwa taa usiku wa giza, na sato yuko karibu na matete.

Shusha kamba yenye jiwe pale unapokusudia kutega, upime kina, kisha unuse tope litakalopanda nalo. Likinuka yai viza, ujue oksijeni imekwisha huko chini; wavu wa kuzamisha usiununue kwa msimu huo, hata ukipunguziwa bei. Niandikie kina utakachokipata kabla hujamlipa mtu yeyote.