Kilimani au ufukweni? Kwanza niambieni mwavuli ni wa nani

Wahariri, wiki hii mmetuuliza: mtu wa kwetu akijaliwa siku chache Italia, akae kwenye kijiji cha mvinyo kilimani au ashuke ufukweni? Jibu lilinijia kabla sijamaliza kusoma: akae kilimani, ufukweni asikanyage. Naona wengi watawajibu kwa habari ya joto la maji na bei ya chakula. Mimi swali hili limenigusa mahali pengine, na sitatulia mpaka niliseme.

Kijiji ninachokijua ni Castagneto Carducci, mkoa wa Livorno, Toscana. Dada yangu ameolewa pande hizo. Sisi ni wazaliwa wa Malindi, Kenya, na Kiitaliano tumekiokota mtaani kwa watalii wa Kiitaliano kama wenzetu wote waliokulia upande wa bichi.

Kilimani ni pazuri, hilo halina ubishi. Uko karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari, nyumba za mawe zimebanana kuizunguka ngome ya ukoo wa della Gherardesca, na ukisimama ukingoni unaiona bahari yote, siku hewa ikiwa safi na visiwa vyake. Jina la pili la kijiji ni la mshairi Giosuè Carducci, aliyekulia hapo na Bolgheri ya jirani, Muitaliano wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1906. Mwaka uliofuata kijiji kikapewa jina lake. Baba yake alikuwa daktari, na zama hizo nchi tambarare ya Maremma ilikuwa vinamasi na malaria. Shemeji aliponieleza hayo nilisimama nikaitazama upya ile nchi ya chini. Sisi wa Pwani malaria tunaijua ndani ya nyumba zetu. Na leo huko huko chini, Bolgheri, ndiko kwenye mizabibu ya Sassicaia, mvinyo ambao chupa moja huuzwa kwa mamia ya euro. Mario Incisa della Rocchetta alipanda mizabibu yake ya Cabernet miaka ya 1940, mahali ambapo hakuna aliyetegemea mvinyo wa maana, wakawa wanaunywa nyumbani kwao tu, mpaka ule wa mavuno ya 1968 ulipoingizwa sokoni.

Mimi sinywi. Lakini asiyekunywa hakai bure kule. Nilionjeshwa mafuta ya zeituni juu ya mkate wao usiotiwa chumvi, mafuta ya kijani, makali, yanayowasha kooni, na muuzaji akaniacha nionje kila chupa bila kunikunjia uso. Kilimani nilikuwa mgeni, nikatendewa kama mgeni.

Sasa ufukweni.

Tulishuka Marina di Castagneto, mimi, dada na mwanawe. Mchanga wa pale ni mwororo na mrefu, nyuma yake msitu wa misonobari, nami moyoni nikasema hii ni mivinje yetu. Dada alibaki nyuma akimvua mtoto viatu. Mimi nikatangulia, doti ya kisutu nimeikunja mkononi, kipande kimoja changu na kingine cha dada, mama alikuwa amenipa nimpelekee. Njia ya kwenda majini inapita katikati ya miavuli ya kukodi, safu kwa safu, yote rangi moja, kila mwavuli na namba yake na viti vyake viwili vya kulalia. Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono akalishika pindo la kisutu. Akalisugua kwa vidole viwili, vile mtu anavyopima kitambaa dukani. Akauliza bei.

Nikamwambia kwa Kiitaliano kwamba siuzi, ni leso yangu. Akadhani napandisha bei. Akataja euro 10. Nikarudia: signora, siuzi. Akasema 15, akamgeukia jirani yake amwonyeshe ule wekundu na weusi na weupe, na pindo bado kalishika. Nisingeweza kuondoka pale bila kumpokonya.

Hapo akaja kijana aliyevaa fulana ya wahudumu. Kijana hakumtazama kabisa yule mama. Alizungumza na mimi, bila ukali, akasema kuuza hapa hairuhusiwi, nipite kando. Hatua chache tu kutoka tulipo alisimama mchuuzi, Msenegali kama nilivyokuja kujua, bangili na mikufu imemjaa mkononi hadi kwenye kiwiko, kofia za kuuza kazipandanisha kichwani. Akanitazama, akaitazama leso, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake: ondoka tu, usibishane nao. Maneno ya yule kijana niliyastahimili. Kile kichwa kilichotikiswa ndicho kilichonitoa machozi.

Maana nakijua. Ami yangu aliuza vinyago kwenye bichi ya Malindi miaka na miaka. Alisimama pale mchanga wa hoteli unapoanzia, askari ndani ya kamba, yeye nje, akiwaita Waitaliano kwa lugha yao. Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, na askari akitokea ami alikuwa akinitikisia kichwa vile vile. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ya umma. Haya, nendeni mkakitafute kijia cha kuifikia, kati ya kuta za yale majumba. Italia nao wana sheria yao: ufuo ni mali ya dola, wenye miavuli wamepewa kibali tu, na sheria ya mwaka 2006 inawalazimu wamwache kila mtu apite bure mpaka majini. Pale mawimbi yanapoishia huachwa ukanda, kwa kawaida mita 5, pasiwekwe kiti wala mwavuli. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kupita. Nilikuwa nayo, lakini mkono wa mtu ulikuwa umeshika leso yangu.

Dada alipofika alifoka mpaka safu tatu zikageuka. Kijana akamwomba radhi dada, si mimi. Mama yule akasimama, uso umemwiva, akaniuliza Kiitaliano nimejifunza wapi. Nikamjibu Malindi. Anao rafiki zake wanaokwenda huko kila msimu wa baridi. Akasogeza mkoba wake kutoka kwenye kiti cha pili, akaniambia nikae. Dada akakataa katakata, akamchukua mtoto wakaenda zao upande wa mchanga wa bure. Mimi nilikaa.

Nimesimulia kisa hiki mara nyingi, na huwa naishia kwa yule kijana wa fulana. Leo nakiandika chote, na naona kilichofuata kina uzito wake. Yule mama hakutamka neno la radhi. Alinimiminia maji, akaniuliza kitambaa kile huvaliwa lini, nikamweleza kwamba kisutu ni cha bibi harusi, na mama mzazi hampi binti yake kwa mchezo. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia mwenyewe kwamba asingemshika hivyo Mwitaliano mwenzake. Baadaye Msenegali alipopita tena, yule mama alimwita kwa jina lake, nikashangaa, kumbe wamejuana misimu kadhaa. Ndipo na mimi nikasalimiana naye.

Kilimani hakuna aliyenishika leso, ni kweli, lakini pia hakuna aliyeniuliza natoka wapi. Nilionja mafuta, nikalipa, nikaaga. Heshima ile siidharau, ila ni heshima ya dukani. Ufukweni niliumia, na ufukweni ndipo nilipoongea na watu.

Kwa hiyo, wahariri, mniwie radhi, jibu nililoanza nalo silo ninalowapa. Ashuke ufukweni. Alale kilimani ikiwa mfuko unaruhusu, aone Bolgheri na ile barabara iliyopandwa miti ya misaipresi, ya karibu kilomita 5, lakini mchana ashuke. Siwaambii kwamba hatashikwa leso. Mtu mweusi mwenye kitu mkononi kwenye mchanga ule bado huulizwa bei, na kama moyo wake umeshachoka na mambo hayo, akibaki juu simlaumu hata kidogo. Dada yangu hajarudi kwenye safu ile mpaka leo, na simwambii arudi.

Anayekwenda atafute sehemu iliyoandikwa spiaggia libera, yaani ufuo wa bure, hapo atatandika leso yake bila kumlipa mtu. Aende Juni au Septemba, maana karibu na tarehe 15 Agosti Italia nzima iko likizo na hapatikani pa kuweka mguu. Treni kutoka Pisa itamshusha Donoratico, katikati ya kilima na bahari, na mabasi ya kutoka hapo ni machache, na Jumapili hupungua zaidi, kwa hiyo aulize saa ya basi la mwisho kabla hajavua viatu.