Keki za Vikombe: Nionjeje?

SWALI: Nazungukia maduka ya keki mtaani kwetu nikilinganisha keki za vikombe, lakini krimu hunipoteza. Nianzie wapi?

JIBU: Anza na keki yenyewe, ndugu yangu. Mimi huikata katikati kwa kisu. Ukiona vishimo virefu kama njia za mchwa, ujue unga ulikorogwa kupita kiasi, gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, ikakaza. Kilele kilichochongoka na kupasuka? Mara nyingi ni oveni kali mno. Na tafadhali, usiihukumu ikiwa imetoka kwenye friji sasa hivi! Siagi huganda kwa baridi, hata keki nzuri ikaonekana kavu. Krimu ije mwisho: ya siagi huyeyukia ulimini; lakini krimu ikikuachia utando kaakaani, huenda ni ya mafuta magumu ya mboga. Hapo mimi sirudi.