Mayi inakula sabuni: kwa mnaoanza kupima vijito vya mgodini

Katika ripoti yangu ya kwanza niliandika kwamba kijito kiko salama. Ni kijito kidogo nje ya Lubumbashi, kinamwaga maji yake mto Kafubu, na kinapita chini ya bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba. Nilipima pH, yaani asidi ya maji (saba ni katikati, chini yake ni asidi), sehemu nne, zote zikanipa saba na nusu hivi. Maji maangavu, changarawe unaihesabu. Nikiwa nafunga begi, mama mmoja aliyekuwa anafua akaniuliza nimeona nini. Nikamjibu, maji mazuri, mama. Akacheka.

"Papa, ile mayi inakula sabuni."

Akachukua kipande chake cha sabuni, akakisugua kwenye kola ya shati. Povu halikutoka, ulitoka utando wa kijivu kama maziwa yaliyoganda. Zamani, akasema, mche mmoja ulimtosha nguo za wiki nzima.

Nilimwelewa wiki mbili baadaye, nilipoazima kipimo cha konduktivite, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme kutokana na chumvi zilizoyeyuka ndani yake. Upande wa juu, kabla ya bwawa, namba ilikuwa ndogo. Upande wa chini, baada ya bwawa, iliruka zaidi ya mara tatu, na pH bado ni ileile saba na nusu.

Nilikuwa nimekariri habari za migodi ya makaa ya mawe (si makala, yaani mkaa wetu wa jikoni), kwa sababu mafunzo mengi ya kazi hii huanzia huko. Kwenye makaa yale mara nyingi kuna piriti, chuma kilichoshikana na salfa. Ikikutana na hewa na maji inazaa asidi ya salfuriki. pH inaweza kushuka hadi 3, na mawe ya mtoni yanavaa rangi ya chungwa. Mgeni akija hapa anatafuta rangi hiyo, asipoiona anarudi nyumbani ametulia. Lakini miamba mingi ya shaba ya hapa Katanga ina dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa, na dolomiti huimeza asidi. Baada ya kuimeza inaacha kalsiamu, magnesiamu na salfeti ndani ya maji. Hazina rangi, hazina harufu, ila sabuni inazijua: ikikutana na kalsiamu na magnesiamu inaganda. Kumbe yule mama alikuwa anapima ugumu wa maji kila anapofua, bila betri.

Kwa hiyo usiende kijitoni na kipimo cha pH peke yake. Na hicho cha pH ukitunze: ncha yake ikae kwenye maji yake ya chumvi ya potasiamu, isilale ndani ya maji yaliyotoneshwa, inakufa polepole na kukudanganya kabla haijafa. Asubuhi ya kazi ipime kwanza kwenye vimiminika vyenye pH inayojulikana, 4, 7 na 10, hata kama dereva anapiga honi.

Maji yenyewe uyachote sehemu mbili angalau, upande wa juu wa mgodi na upande wa chini, ukisimama umeelekea yanakotoka ili tope la miguu yako lisiingie chupani. Kwa madini, pitisha maji kwenye chujio la tundu za mikromita 0.45, kisha tia asidi ya nitriki hadi pH iwe chini ya 2. Chupa nyingine suuza mara tatu kwa maji ya kijito. Ukipewa chupa iliyokuja na asidi ndani tayari, usiisuuze. Mimi niliisuuza. Safari nzima ikawa kazi bure, na vidole vikawasha hadi jioni.

Chota na tope. Katika pH ya saba kwenda nane shaba nyingi haibaki imeyeyuka, inashuka na kushika matope. Kobalti na manganizi huvumilia zaidi majini. Ukipima maji tu utaandika kwamba shaba ni kidogo, na ni kweli, ila iko chini ya viatu vyako. Tena usiandike "chini ya kiwango" bila kusema kiwango cha nani. Shirika la Afya Duniani linakubali miligramu 2 za shaba kwa lita ya maji ya kunywa. Samaki wengi hawawezi kuishi kwa kiwango hicho.

Kuhusu majira sina mengi: usikose mvua za kwanza, Oktoba au Novemba, maana zinasomba chumvi zote zilizokauka juu ya mabaki tangu Mei.

Ukifika kijijini anza kwa shefu, mkuu wa kijiji, usalimie na kueleza umetoka wapi. Mimi nilidhaniwa mtu wa mgodi, nikaulizwa fidia ya mashamba kwa saa nzima.

Mwisho pima mwendo wa maji, kwa sababu namba ya chupani haisemi ni mzigo kiasi gani wa madini unapita kwa siku. Ukiwa huna mashine, chungwa linatosha: linazama nusu, upepo haulisukumi. Pima mita 10 ukingoni, litupe, shika saa, rudia mara tatu. Gawanya mita 10 kwa wastani wa sekunde upate mwendo, zidisha mwendo huo kwa upana na kina cha wastani, kisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Beba machungwa sita. Matatu watoto watayadaka kabla hayajafika kwenye alama.