Rangi ya duka au udongo wa mama zetu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mmoja wa vijana wanaokaa Lubumbashi, katika komini ya Katuba, ambao wazazi wetu walitoka katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Kasenga. Tumejiunga kwa hiari yetu, bila malipo, na Jumamosi tukipata nafasi huenda kufyeka majani, kuzibua mifereji na kupanda miti. Sasa tunataka kupendezesha nyumba kabla ya sikukuu ya uhuru wa Kongo, Juni 30. Mzaliwa mmoja wa kijiji, mfanyabiashara wa mjini, ametuahidi rangi ya mafuta na saruji kwa nyumba zote zinazoelekea barabarani. Mama wakubwa, ambao zamani ndio waliopamba kuta kwa udongo wa rangi, hawakukataa, ila wamenyamaza. Tufanye nini? Tena, tulipochimba udongo karibu na kichuguu tulikuta msalaba mdogo wa shaba, na mtu mmoja anataka kuununua. Je, tuuuze tupate fedha za majembe? — Msomaji, Katuba

JIBU: Ndugu msomaji, nimefurahi sana kuona kwamba hakuna aliyewalazimisha kufanya kazi hii. Wazazi wenu wanakumbuka salongo, kazi ya lazima ya pamoja ya enzi za Zaire, ambapo watu waliitwa kwa amri na wengi walishika jembe kwa kuogopa adhabu. Hiari yenu ni mali, na kwa sababu hiyo nawaomba muanze na ukimya wa mama hao kabla hamjafungua kopo lolote la rangi. Mtu mzima akinyamaza mbele ya vijana waliokuja na zawadi, mara nyingi anaona haya kukataa. Nendeni mkaketi nao bila mfanyabiashara kuwapo, mwaulize ukuta ulipambwaje walipokuwa wasichana, kisha msikilize mpaka wamalize.

Kuhusu saruji na rangi ya mafuta, jibu langu ni hapana, na sababu yake iko ndani ya ukuta wenyewe. Tofali bichi hunywa maji wakati wa mvua na kuyatoa jua likiwaka. Mkilifunika kwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta, maji yanayopanda kutoka ardhini na yale yanayopenya kwenye nyufa hukosa pa kutokea, udongo wa ndani hulegea, na baada ya misimu michache lipu hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa tofali. Nyumba inayong'aa sikukuu ya mwaka huu inaweza kuwa na ukuta uliooza chini ya rangi kabla watoto wa leo hawajamaliza shule ya msingi.

Lipu ya udongo hufuata mwendo wa tofali. Udongo wa kichuguu huchekechwa mawe na mizizi itoke, hulowekwa usiku kucha, hukandwa kwa miguu, kisha hupakwa kwa kiganja, tabaka jembamba juu ya jingine, huku mpakaji akinyunyiza maji kidogo ukutani ili lipu ishike. Baada ya hapo ndipo huja rangi: nyeupe ya pemba, yaani udongo mweupe, nyekundu na manjano za ardhi yetu ya Katanga, nyeusi ya makaa yaliyotwangwa. Rangi ikibaki mkononi kama vumbi, uji mwembamba wa unga wa muhogo husaidia kuishikisha. Ni kweli kwamba mvua ikianza kunyesha tena itaosha sehemu ya kazi hiyo, na wapo watakaowaambia kwamba huo ni upotevu wa nguvu. Mimi naona kinyume chake, kwa kuwa kazi inayorudiwa kila kiangazi ndiyo inayompa binti nafasi ya kusimama kando ya nyanya yake na kujifunza, ilhali rangi ya kopo haimfundishi mtu chochote.

Nendeni pia mkatazame kijiji cha Makwacha, kisicho mbali na Lubumbashi, ambako wanawake hupamba kuta za nyumba zao kwa udongo wa rangi mvua zinapokwisha, na ambako wasanii wa mjini hufika kuona. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, nanyi msinakili michoro yao, kwa sababu kijiji chenu kina mama wake na michoro yake. Kazi yenu nyinyi vijana ni kuchota maji, kubeba udongo, kuchekecha, na kuandika: jina la kila mchoro kwa lugha ya kijiji, nani alimfundisha nani, na shimo la udongo mweupe liko wapi, ili lisije likageuzwa dampo au tanuru la matofali. Nakala moja ibaki shuleni kijijini.

Mfanyabiashara naye asirudishwe mikono mitupu, maana moyo wake ni mwema. Mwombeni anunue mawe na saruji ya kujengea msingi chini ya kuta, mahali matone ya paa yanapokula ukuta, na mabati ya kurefusha ukingo wa paa. Hapo saruji yake itafanya kazi inayoifaa, tena kwa nyumba zote, hata zile zisizoonekana kutoka barabarani.

Msalaba wa shaba msiuuze. Misalaba ya namna hiyo ilitengenezwa kwa shaba iliyoyeyushwa na wafua shaba wa Katanga karne nyingi kabla ya kampuni za migodi. Ilitumika kama fedha na mahari, na mingine imechimbuliwa katika makaburi ya kale ya bonde la Upemba. Urithi wa aina hii unalindwa na sheria ya nchi, yaani Amri-sheria namba 71-016 ya Machi 15, 1971. Acheni kuchimba mahali hapo, kwa sababu huenda pana kaburi. Pimeni kina mlichoukuta, pigeni picha, msiusugue kwa mchanga wala ndimu, mwarifu chifu wa kijiji, kisha mwende naye au na barua yake katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Fedha za majembe ziombeni kwa yule yule mfanyabiashara. Bei ya makopo ya rangi aliyokusudia kununua itatosha majembe na ndoo za kuchotea udongo.