Nyonga ya bandia kulegea mapema: kabla ya kulaumu chuma, angalieni mfupa na mikrobe

Dada uliyeuliza habari za mdogo wako wa Kadutu, kijana SS (mwenye ugonjwa wa selimundu, yaani sickle cell) wa miaka 34 aliyewekewa nyonga ya bandia miaka miwili iliyopita, na sasa paja linamuuma kila akiinuka kwenye kiti: familia yenu inasema mliuziwa chuma kibovu. Kazi yangu hapa Bukavu ni kuwafanyisha mazoezi watu waliopasuliwa mifupa, na karibu kila familia huanzia hapo. Kasoro ya chuma ipo, hata ya namna kilivyowekwa. Lakini zaidi ya nusu ya nyonga hizi hudumu miaka 25. Ikilegea ndani ya miaka miwili, mimi naogopa mikrobe kwanza, kisha nauliza mfupa wenyewe ulikuwa na hali gani.

Kwa SS mambo hayo mawili hukutana. Chembe za damu zilizopinda huziba mishipa midogo, kichwa cha mfupa wa paja kinakufa, ndiyo maana wanapasuliwa wakiwa vijana. Mfupa unaobaki una sehemu ngumu kama jiwe na nyingine laini, kwa kuwa uboho umetanuka ndani yake. Chuma kinakosa pa kushika. Tena wengu wao huharibika mapema, kwa hiyo kinga ni ndogo: jino lililooza au kidonda sugu cha kifundo cha mguu vyaweza kupeleka mikrobe kwenye damu hadi nyongani.

Ujana nao una uzito wake. Ukitembea, nyonga hubeba mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, na kijana wa milima yetu hapumziki. Ile plastiki iliyo ndani ya nyonga ya bandia husagika, mwili ukishambulia vumbi lake unakula na mfupa wa pembeni. Ila hilo kwa kawaida huchukua miaka mingi, kwa mdogo wako silipi nafasi ya kwanza. Kama aliwekewa chuma bila simenti (gundi ya kukishikiza kwenye mfupa), ningeuliza zaidi miezi ya mwanzo: alibeba mizigo mapema? Anavuta sigara? Mfupa unatakiwa ushikane na chuma wakati huo. Kikichezacheza, katikati panaota nyama laini, na hakishiki tena.

Muulizeni pia, bila kumgombeza, kama anameza deksa (dawa ya deksamethasoni). Vijana wanaimeza ili wanenepe, nayo inadhoofisha mfupa, inapunguza kinga na kupandisha sukari. Inanisikitisha sana. Lakini asiiache ghafla. Daktari ndiye ataipunguza.

Mpelekeni kwa daktari wa mifupa wiki hii, na radio (picha ya eksirei) ya kwanza baada ya operesheni ili ilinganishwe na mpya. Waombeni CRP (kipimo cha damu cha kutafuta dalili za maambukizi), na ikibidi wavute maji ya nyonga. Kama hana homa wala usaha, asimeze antibiotiki yoyote ya duka kabla maji hayo hayajavutwa, zitaficha mikrobe. Akipata homa, msingoje, aende urgence (huduma ya dharura ya hospitali) siku hiyohiyo. Kwa sasa atembee na gongo, alishike upande wa mguu usiouma.