Mguu ukivunjika, tazama vidole

Ndugu wakija kumwona mgonjwa aliyevunjika mguu, swali la kwanza huwa lilelile: mfupa umekaa vizuri? Ni swali la haki. Lakini kwa miaka yote niliyouguza wodi ya mifupa nimezoea kuanzia chini, kwenye vile vidole vinavyochungulia nje ya plasta. Mfupa uliorudishwa mahali pake na kutulizwa utaunga taratibu. Nyama iliyouzunguka, pamoja na mishipa ya damu na ya fahamu, haina subira hiyo, na ndiyo inayotaka jicho la mtu usiku na mchana.

Kwa hiyo ukimuuguza mtu aliyefungwa P.O.P, yaani plasta ya jasi, au aliyetoka kupasuliwa, jizoeze kuvichunguza vidole. Bonyeza ukucha hadi uwe mweupe, kisha achia: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Gusa kwa mgongo wa kiganja chako usikie kama kuna joto au ubaridi. Mwambie avichezeshe. Muulize kama anausikia mguso wako sawasawa, au pamekufa ganzi, au panamchomachoma. Kila mara linganisha na mguu mzima, maana kuna watu ambao miguu yao ni ya baridi siku zote.

Nikae kidogo kwenye maumivu. Aliyevunjika ataumia, hilo halina ajabu. Lakini mguu ukishatulizwa, ukainuliwa juu ya mto, naye akapewa dawa, maumivu yanapaswa kushuka. Yakizidi kupanda, dawa isiposaidia, na ukimnyoosha kidole kimoja tu polepole akaruka, hofia shinikizo ndani ya misuli. Misuli ya mguu na ya mkono imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka. Ikivimba humo, damu hushindwa kupita. Hutokea zaidi mtu anapovunjika muundi, au mkono kati ya kiwiko na kiganja. Ndani ya takriban saa 6 misuli inaweza kuanza kufa, na ikifa hairudi. Mapigo ya damu kwenye unyayo huweza kuwa bado yapo, kwa hiyo yasikutulize moyo. Tangu mwaka 1881 daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, alieleza jinsi mkono unavyojikunja na kulemaa moja kwa moja baada ya kukosa damu namna hiyo, na bendeji iliyokazwa mno ni mojawapo ya sababu alizozitaja.

Namkumbuka kijana mmoja aliyevunjika muundi. Hakupiga kelele hata kidogo. Alinyamaza tu, ameshika ukingo wa kitanda, na kila baada ya muda mfupi anaomba mto usogezwe. Mama yake ndiye aliyekuja kutuita: "Sista, mwanangu si mtu wa kulalamika. Njoo umwone." Plasta ilipasuliwa kutoka juu hadi chini pamoja na pamba na bendeji za ndani, mpaka ngozi ikaonekana, na usiku uleule akaingizwa chumba cha upasuaji. Mguu ukapona. Ukiwa nyumbani ukaona dalili hizi, ushushe mguu uwe usawa wa moyo, usiuinue zaidi, na mpeleke hospitali saa ileile. Usisubiri kukuche.

Kuhusu plasta yenyewe sina mengi. Ile ya jasi huchukua siku 2 hadi 3 kukauka kabisa. Kabla ya hapo iinue kwa viganja, maana vidole huacha mabonde yanayochimba ngozi kwa ndani. Usiikaushe kwenye moto. Ikiwasha, usichomeke kijiti. Harufu mbaya au doa bichi linalojitokeza ni la kurudisha hospitali.

Anayelala muda mrefu ana adui wengine, na wa kwanza ni kisigino. Watu huhangaikia mgongo na makalio, ambayo kweli yana hatari, huku kisigino kikioza kimyakimya chini ya shuka. Weka mto chini ya kigimbi ili kisigino kielee, kisiguse godoro. Mgeuze au mwinue kila baada ya saa 2 kadiri daktari alivyoruhusu, na kila ukimgeuza itazame ngozi kwa macho yako. Avute pumzi ndefu mara kwa mara, achezeshe kifundo juu na chini, kwa sababu damu iliyotuama huganda. Kigimbi kikivimba na kuuma, mwite daktari. Akikosa pumzi ghafla, hiyo ni dharura. Na aliyevunjika paja akianza kuchanganyikiwa na kuhema haraka ndani ya siku 3 za mwanzo, usiseme ni uchovu au ni dawa. Mafuta kutoka ndani ya mfupa huweza kuingia kwenye damu na kufika mapafuni.

Mazoezi yaanze mapema, na dawa ya maumivu apewe kama nusu saa kabla. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wagonjwa wengi wakiitwa wavivu, kumbe wanaumia tu.

Magongo yasiguse kwapa; paachwe nafasi ya vidole 2 au 3, na uzito ukae kwenye viganja, la sivyo mishipa ya fahamu ya kwapani hubanwa na mikono kufa ganzi. Kwenye ngazi, akipanda hutanguliza mguu mzima, akishuka hutanguliza magongo na mguu mgonjwa. Wewe unayemsaidia, akipanda au akishuka, kaa upande wa chini yake.