Kasuku wangu anauma kila nikiingiza mkono tunduni

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Nkuhungu, Dodoma. Nimenunua kasuku mdogo wa kijani, kichwa cheusi, shingoni ana ukosi wa njano. Nikiingiza mkono tunduni anapaparika hadi manyoya yanamtoka, na nikimkamata ananiuma. Jirani kaniambia nivae glavu na nimnyime chakula mpaka atulie. Je, ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Habari ya kumnyima chakula iache leo hii. Ndege mdogo hivyo chakula kinamwisha mwilini upesi mno, na kutwa nzima bila kula inaweza kumuua. Glavu nayo iweke kando, inakulinda wewe tu, yeye inamzidishia hofu. Na usimkamate tena.

Kwa ulivyomweleza, huyo ni ndege wa porini kwetu huku Tanzania ya kati. Muulize aliyekuuzia kama alizaliwa tunduni au alinaswa. Kama alinaswa, kumfuga kunahitaji kibali cha maliasili, tena aliyenaswa akiwa mkubwa ni mgumu kumzoea mtu.

Tundu liegemeze ukutani sebuleni, usawa wa kifua chako. Barazani upepo na vumbi la kiangazi vitamsumbua, na jikoni moshi wa mkaa ni hatari kwa mapafu yake.

Sasa mkono. Hapo Dodoma mna bahati ya uwele. Tafuta masuke ambayo hayajapurwa. Suke ni refu, kwa hiyo anakula huku mkono wako ukiwa mbali. Shika ncha moja, lipenyeze kwenye nyaya bila kufungua mlango, kisha tulia, ongea taratibu, usimkazie macho. Akianza kudonoa, usijitikise hata kidogo. Siku zinavyokwenda, shika karibu zaidi na anapodonoa. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Chakula chake cha kila siku kibaki bakulini, ila uwele wa suke aupate mkononi mwako tu. Alizeti anaipenda kupita kiasi, lakini ina mafuta mengi, punje mbili tatu zinamtosha. Parachichi usimpe kabisa, ni sumu kwake.

Wakati wote msome mwili. Akibana manyoya, akajinyoosha wima na kukodoa macho, umemsogelea mno. Rudisha mkono polepole papo hapo, kabla hajauma. Wengi hungoja mpaka waumwe ndipo wautoe kwa kishindo, na ndege anajua sasa dawa ya mkono ni kuuma. Akilegeza manyoya, akajichambua au kukunja mguu mmoja, endelea.

Akishakula bila wasiwasi, fungua mlango, mpe uwele kwa ndani. Kidole kije mwisho. Kiguse taratibu chini ya tumbo, juu kidogo ya miguu, apande mwenyewe. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, hata miezi. Siku ya kumtoa nje ya tundu, zima panga boi, funga madirisha na funika kioo cha ukutani, maana atakivaa akidhani ni njia.